Kodi ya kampuni na ya mwekezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Malindi

Ukurasa huu ulianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa biashara na uhasibu wa Malindi, Watamu na Kilifi wanaotafuta mada ya tasnifu. Siku hizi maswali mengi huletwa na watu wasiosoma chuo chochote: wenye nyumba za kupangisha Casuarina, makarani wa hoteli, wanachama wa chama cha kuweka akiba waliouza ploti. Nimeyachanganya yote pamoja, kwa sababu swali la karani mara nyingi lina kichwa kuliko la mwanafunzi.

Viwango vilivyotajwa ni vya Kenya. Sheria ya Fedha huvigusa karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla hujalipa au hujaandika sura ya pili, hakikisha kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Utafiti huu unahusu nini hasa? Si kazi ya mhasibu tu?

Mhasibu huuliza: nilipe ngapi, na lini? Mtafiti huuliza: kodi hii imemfanya nani afanye jambo ambalo asingelifanya? Amekopa badala ya kuuza hisa? Amechelewa kuuza kiwanja? Amepunguza vibarua? Mambo mawili hutazamwa pamoja: kodi ambayo kampuni inalipa kwa faida yake, asilimia 30 kwetu, na kodi inayomfuata mwenye hisa, mkopeshaji au muuzaji wa mali baada ya hapo. Wachumi hupenda kupima mishahara na uwekezaji, wasomi wa uhasibu huchimba vitabu vya hesabu vya kampuni, wanasheria hukaa na mikataba na hukumu. Myron Scholes na Mark Wolfson, walioandika mengi juu ya jambo hili miaka ya themanini na tisini, walisisitiza kwamba huwezi kuelewa uamuzi wa kikodi kwa kumtazama mlipaji peke yake. Lazima uwatazame wote waliomo katika shughuli, kodi zote, na gharama zote zisizo kodi. Wanafunzi wengi huanguka hapo hapo: wanaipigia hesabu kodi moja ya mtu mmoja.

Kampuni ikitozwa kodi, nani hasa anaumia?

Sheria inasema kampuni. Lakini kampuni haina tumbo la kusikia njaa wala mtoto wa kupeleka shule, ni karatasi. Shilingi iliyokwenda serikalini lazima imtoke mtu. Ama mwenye hisa amepata faida ndogo, ama mfanyakazi amepata ujira mdogo, ama mteja amelipa zaidi, ama mwenye kiwanja amepangisha kwa bei ya chini, ama mvuvi ameuza nguru wake kwa bei ya kutupa. Kujua kila mmoja amebeba kiasi gani kumewashughulisha watafiti kwa zaidi ya miaka sitini, na kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyomo humu.

Mwaka 1962 Arnold Harberger alichora uchumi wa sekta mbili, moja ya kampuni zinazotozwa na nyingine isiyotozwa, katika nchi ambayo mtaji hauingii wala hautoki. Hesabu yake ilionyesha kwamba wenye mtaji ndio wanaobeba karibu mzigo wote, hata wale ambao mali yao haimo katika kampuni. Sababu yake ni kwamba mtaji hukimbilia upande usiotozwa, ukarundikana huko mpaka faida ya huko nayo ikashuka. Jibu hilo lilitawala kwa muda mrefu. Kisha watu wakauliza: na ikiwa nchi ni ndogo, na mtaji unaweza kupanda ndege? Hapo hesabu inageuka. Mwenye fedha hatakubali kupata chini ya kile anachoweza kupata kwingine duniani, kwa hiyo atapunguza anachowekeza mpaka kilichobaki kimlipe. Anayeachiwa mzigo ni yule asiyeweza kuondoka.

Vipimo vya karibuni viko katikati ya majibu hayo mawili. Clemens Fuest, Andreas Peichl na Sebastian Siegloch, mwaka 2018, walitumia bahati ya Ujerumani: kule kila manispaa hujipangia sehemu ya kodi ya biashara, na manispaa ni zaidi ya elfu kumi. Walipofuatilia mishahara kabla na baada ya kodi kupanda, waliona karibu nusu ya mzigo imewatua wafanyakazi, na uzito zaidi umewaangukia vijana, wanawake na wenye ujuzi mdogo. Juan Carlos Suárez Serrato na Owen Zidar, mwaka 2016, walitazama majimbo ya Marekani wakapata wenye kampuni wanabeba kama asilimia 40, wafanyakazi kati ya 30 na 35, na wenye ardhi kati ya 25 na 30.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana kila kundi, likiulizwa, husema kodi ya kampuni ni shida ya wengine.

Basi matokeo ya Ujerumani na Marekani yanatufaa nini sisi wa Malindi?

Namba zao hazitufai kitu. Namna walivyofikiri ndiyo inayotufaa.

Chukua hoteli ya ufukweni kule Silversand. Ina vitu vinne: mtaji, ambao huenda umetoka Milano, kiwanja cha pwani, wafanyakazi kutoka Maweni na Kisumu Ndogo, na wauzaji wanaoleta samaki, maembe na barafu. Mtaji ukiona faida imekatwa mno unaweza kuhamia Zanzibar au Misri, labda si mwaka huu, lakini hoteli ikichakaa hautarudi kuikarabati. Bei ya chumba nayo haipandishiki kirahisi, kwa sababu mtalii ana orodha ya Diani na Zanzibar mkononi. Kiwanja hakiendi popote. Mfanyakazi mwenye mji na wazazi Malindi haendi mbali. Kwa nadharia, basi, sehemu kubwa ya ile asilimia 30 hutua kwenye bei ya ardhi ya pwani na kwenye ujira.

Lakini usikimbilie kuandika hitimisho. Ujira wa chini kabisa hapa umewekwa na sheria, kwa hiyo hauwezi kushuka zaidi ya pale kwenye karatasi. Kinachoshuka ni siku za kazi. Hoteli inayofungua mapema Julai na kufunga mwishoni mwa Machi inawapa vibarua miezi mingi zaidi kuliko ile inayosubiri Agosti ifike. Mtafiti anayepima mshahara wa siku pekee ataona kodi haijafanya kitu, kumbe imefanya kazi yake kwenye kalenda. Ningekuwa nasimamia tasnifu ya hoteli za Malindi, ningemwambia mwanafunzi ahesabu siku walizoitwa watu kazini, na hasa Aprili hadi Juni, masika yakiwa yamepamba na nusu ya mageti yamefungwa.

Tatizo la pili ni kwamba kodi ya kampuni kwetu ni moja nchi nzima. Hakuna kaunti jirani yenye kiwango tofauti ya kulinganishia. Ila leseni za biashara na tozo za kaunti hutofautiana, maana Kilifi, Lamu na Kwale kila moja hupitisha sheria yake ya fedha. Hoteli mbili zenye vyumba sawa, moja Malindi na moja Diani, zinalipa tozo tofauti. Hapo pana kitu cha kupima, na hakihitaji fedha za mfadhili.

Kwa nini wageni wengi wenye hoteli huikopesha kampuni yao wenyewe badala ya kuweka mtaji wa hisa?

Kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Hoteli imepata shilingi 100 kabla ya kumlipa mwenyewe.

Akilipwa kama mwenye hisa: kampuni inatoa kodi 30, inabaki na 70. Gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, la 70 likienda kwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 15, yaani 10.50. Anapokea 59.50. Angekuwa mkaazi, makato yangekuwa asilimia 5, apokee 66.50.

Akilipwa kama mkopeshaji: riba ya 100 ni gharama ya kampuni, kwa hiyo faida inayotozwa ni sifuri. Riba inayokwenda nje hukatwa asilimia 15. Anapokea 85.

Fedha ni zile zile, hoteli ni ile ile. Tofauti ni jina lililoandikwa kwenye mkataba, na jina hilo lina thamani ya shilingi 25.50 katika kila mia. Franco Modigliani na Merton Miller walikuwa wameonyesha mwaka 1958 kwamba bila kodi haijalishi kampuni imekopa au imeuza hisa. Mwaka 1963 wakasahihisha kwa kuingiza kodi, na deni likaonekana tamu. Miller alirudi tena mwaka 1977 akakumbusha kwamba lazima uhesabu pia kodi ya mpokeaji binafsi, na ukifanya hivyo utamu hupungua. Ndiyo sababu hapo juu sikuishia kwenye kodi ya kampuni.

Serikali nazo hazijalala. Tangu Januari 2022 Kenya imeweka kikomo: riba isizidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na baadaye kikomo hicho kikaelekezwa kwenye mikopo ya kutoka nje. Huu ni mpaka ulio wazi kabisa, na watafiti wanapenda mipaka iliyo wazi. Je, kampuni zimejazana kwenye asilimia 29? Mtu aangalie.

Gawio likipunguziwa kodi, kampuni zitawekeza zaidi?

Wanasiasa husema ndiyo. Wasomi wamegawanyika makundi mawili tangu zamani. Wa kwanza husema kodi ya gawio humvunja moyo anayenunua hisa mpya, kwa hiyo uwekezaji hupungua. Wa pili husema kampuni iliyokomaa huwekeza kwa faida iliyoibakiza, na kodi itaikuta faida hiyo siku yoyote itakapogawiwa, leo au kesho kutwa. Kwa hiyo haibadilishi kitu.

Marekani ilitoa nafasi nzuri ya kupima mwaka 2003, kiwango cha juu cha kodi ya gawio kiliposhushwa kutoka asilimia 38.6 hadi 15. Raj Chetty na Emmanuel Saez waliona kampuni zimeanza kugawa faida haraka, hasa zile ambazo wakubwa wake wenyewe walikuwa na hisa nyingi. Miaka kumi baadaye Danny Yagan, katika kazi iliyochapishwa 2015, alilinganisha kampuni zilizoguswa na sheria hiyo na aina nyingine ya kampuni ambayo haikuguswa. Katika uwekezaji na mishahara hakuona tofauti. Wenye hisa walipata pesa. Mashine na majengo hayakuongezeka.

Mimi husimama na Yagan, lakini nikumbushe kwamba alipima kampuni za nchi yenye masoko ya mitaji yaliyojaa. Duka la jumla la ndugu watatu wa Malindi mjini halina faida iliyobakizwa ya kutosha kujenga ghala. Huenda wao wanafanana na kundi la kwanza.

Kwa nini serikali hupenda kutoza mauzo badala ya faida? Si dhuluma?

Ni dhuluma kwa baadhi, na ni njia ya kuwanasa wengine. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo, wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3. Chukua duka la jumla la unga na sukari lenye mauzo ya milioni 10 na faida nyembamba ya asilimia 4. Faida yake ni 400,000. Kodi ni 300,000. Robo tatu ya faida imekwenda. Mwenye studio ya picha za harusi, mauzo milioni 10 vile vile, faida asilimia 40, analipa 300,000 hiyo hiyo kutoka katika milioni 4. Mwenye unga anaweza kuomba kwa maandishi atozwe kwa njia ya kawaida, lakini lazima awe na vitabu.

Peter Diamond na James Mirrlees walieleza mwaka 1971 kwa nini kodi isivuruge uzalishaji: ikigusa mauzo ya kila hatua, inaadhibu bidhaa inayopita mikono mingi. Nadharia hiyo haikupingwa. Kilichokuja baadaye ni swali la nchi zetu: na ikiwa faida haionekani? Michael Best na wenzake walitazama Pakistan, ambako kampuni hulipa ama kodi ya faida ama asilimia ndogo ya mauzo, ile iliyo kubwa. Wakagundua kampuni zimejazana pale ambapo kodi hizo mbili hukutana, na wakakadiria kwamba kutoza mauzo kunapunguza ukwepaji kwa kiasi kinachofikia asilimia 60 hadi 70 ya mapato ya kampuni. Sababu ni kwamba mauzo ni magumu kuficha, na gharama ni rahisi kuzitunga.

Kenya ilijaribu jambo lililofanana: kodi ya chini ya asilimia 1 ya mauzo kwa kampuni, hata iliyopata hasara, kuanzia Januari 2021. Wenye mabaa wa Kitengela wakaenda mahakamani, na Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Machakos ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2022. Hoja kubwa ilikuwa kwamba kodi ya mapato haiwezi kula mtaji wa asiye na mapato. Wasomi wa uchumi na majaji walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti, na mwanafunzi wa sheria anaweza kuishi humo mwaka mzima.

Na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, utamaliza udanganyifu?

Soma habari ya Ecuador kwanza. Paul Carrillo, Dina Pomeranz na Monica Singhal (2017) walifuatilia kampuni zilizoandikiwa na mamlaka ya kodi kwamba mauzo yao hayalingani na kumbukumbu za wengine. Kampuni zilirekebisha mauzo juu, kwa adabu kabisa. Kisha zikapandisha gharama: senti 96 kwa kila dola iliyoongezwa. Serikali ilibaki na vumbi.

Kenya imekwenda hatua moja mbele, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, kwa hiyo mlango wa gharama nao una bawabu. Mgogoro unahamia kwingine. Mpishi wa hoteli anashuka bandarini alfajiri, mashua zimeingia, ananunua kamba na changu kutoka kwa nahodha ambaye mikono imelowa na simu yake ni ya mulika mwizi. Nani ataandika ankara? Tangu mwisho wa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi aiandike kwa niaba ya muuzaji mdogo. Kama hoteli zinafanya hivyo, au zimeona heri kununua kwa msambazaji mkubwa wa Mombasa mwenye ankara zake, hilo ni swali la utafiti lenye samaki ndani yake, na ningelipenda kuliko lolote lingine katika ukurasa huu. Kodi iliyolenga hoteli itakuwa imemfikia nahodha asiyewahi kuijaza fomu.

Chama chetu kiliuza ploti Mambrui. Mbona kodi imekuwa kubwa hivi?

Kodi ya faida ya mali, iliyosimamishwa mwaka 1985, ilirudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Mlinunua kwa milioni 2.5 mkauza kwa milioni 6.5, tukiacha gharama za wakili na upimaji, faida ni milioni 4. Kwa kiwango cha zamani mngelipa 200,000. Sasa ni 600,000.

Watafiti wanaijua vizuri kodi ya namna hii kwa kasoro moja: hutozwa siku ya kuuza tu, kwa hiyo humfanya mtu ashikilie mali ambayo angeiachia. Ploti inabaki na michongoma, mnunuzi aliyetaka kujenga anakwenda kwingine. Ukipata tarehe za uhamisho katika ofisi ya ardhi, tazama kama zilirundikana mwishoni mwa 2022, kabla kiwango hakijapanda.

Kuna jambo jingine ambalo wachache hulitazama. Mtu binafsi akiuza ardhi isiyozidi shilingi milioni 3, hatozwi. Akivuka kidogo tu, faida yote inatozwa. Wojciech Kopczuk na David Munroe walichunguza ukingo wa aina hii New York na New Jersey, ambako nyumba ya dola milioni 1 na zaidi hulipiwa kodi ya ziada, wakakuta mauzo yamerundikana chini kidogo ya milioni na shimo juu yake. Sitashangaa kukuta mikataba mingi ya ardhi ya kwetu imeandikwa milioni 2.95. Swali gumu ni je, bei ilishuka kweli, au iliyobaki ilipitishwa chini ya meza? Mtafiti mwangalifu hasemi mpaka awe na bei ya jirani ya kulinganisha.

Hatifungani za miundombinu, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha kwa wananchi, hazitozwi kodi. Ni bora moja kwa moja?

La. Piga hesabu. Hatifungani ya kawaida ya asilimia 16 ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 inakuachia 13.6. Ya miundombinu ikilipa 14 imeishinda. Ikilipa 13 imeshindwa. Wanunuzi wengi wakiugombea msamaha wa kodi, bei hupanda na mapato hushuka, kwa hiyo sehemu ya msamaha huliwa na soko. Scholes na Wolfson waliuchambua upungufu huo wa mapato kama kodi isiyoandikwa popote. Si lazima iwe hivyo kila wakati: Februari 2024 serikali ilikuwa na haja ya fedha, na hatifungani ya miaka minane na nusu ilitoka kwa asilimia 18.46 bila kodi.

Ni kweli kampuni kubwa huhamishia faida visiwani?

Thomas Tørsløv, Ludvig Wier na Gabriel Zucman wamekadiria kwamba takriban asilimia 36 ya faida za kampuni za kimataifa, zile zinazopatikana nje ya nchi zao, zilihamishiwa kwenye maficho ya kodi mwaka 2015. Njia ni zile zile: bei za kuuziana wenyewe kwa wenyewe, riba, na malipo ya kutumia jina. Kwetu mfano unaofundishika ni mkataba wa Kenya na Mauritius wa kuepusha kodi mara mbili, uliosainiwa 2012. Wanaharakati wa haki ya kodi waliupinga, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha kwa kuwa utaratibu wa kuufikisha Bungeni haukufuatwa. Wengi hudhani mahakama iliona mkataba wenyewe ni mbovu. Hapana, ulianguka kwa utaratibu.

Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana juu ya kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa kampuni kubwa za kimataifa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nne zilizokataa, pamoja na Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Mwisho wa 2024 ikaweka yenyewe kodi ya kujazia hadi asilimia 15. Kwa hoteli ya vyumba arubaini haya yote ni ya mbali. Kikomo ni mauzo ya yuro milioni 750.

Bandari ya Lamu ina gati tangu 2021. Punguzo la kodi litaleta viwanda?

Kampuni iliyo ndani ya eneo maalum la kiuchumi hulipa asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata. Inavutia kwenye bango. Lakini wawekezaji walipoulizwa kama wangewekeza hata bila punguzo, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 98 Rwanda, 93 Uganda na 91 Tanzania. Maana yake serikali ziliwapa zawadi watu waliokuwa tayari wamekwisha funga safari. Anayetaka kujenga kiwanda cha samaki Lamu atauliza kwanza umeme, maji, barabara ya kutoka Garsen, na usalama wake. Kodi ataiuliza mwisho, na akipewa punguzo hatalikataa, nani angelikataa?

Sisemi maeneo hayo hayafai. Nasema tasnifu inayohesabu kampuni zilizojiandikisha na kuita hesabu hiyo mafanikio haijapima kitu. Pima zile ambazo zisingekuja.

Mwalimu, msimamizi wangu amekubali mada: “Athari ya kodi ya kampuni kwa ufanisi wa kampuni zilizosajiliwa soko la hisa la Nairobi.” Niendelee?

Mwanangu, kabatini mwa kila chuo kuna rundo la mada hiyo. Ugumu wake ni huu: kampuni zenyewe ni sitini na ushei, zote zinalipa kiwango kimoja, na unachokiita kodi, yaani kodi iliyolipwa ukigawa kwa faida, tayari kimo ndani ya ufanisi unaotaka kuueleza. Faida ikianguka, uwiano unapanda wenyewe. Utapata nyota tatu kwenye jedwali, alama ya uhakika wa kitakwimu, na hutakuwa umejua chochote.

Kama huna budi kutumia kampuni hizo, fanya kama Scott Dyreng, Michelle Hanlon na Edward Maydew walivyofanya mwaka 2008: jumlisha kodi iliyolipwa taslimu kwa miaka kumi, igawe kwa faida ya miaka kumi. Kwa Marekani waligundua karibu robo ya kampuni zimeweza kukaa chini ya asilimia 20 kwa muda wote huo, wakati kiwango cha sheria kilikuwa 35. Mwaka mmoja hudanganya, muongo hujieleza.

Wengi pia huniletea mwaka 2020, Kenya ilipoishusha kodi ya kampuni hadi 25 kisha ikairudisha 30 Januari 2021. Ni chambo. Mwaka huo huo ndege zilisimama na Malindi ikawa kimya. Na sheria ile ile ya Aprili ilipandisha kodi ya gawio la wageni kutoka 10 hadi 15. Huwezi kutenganisha corona na kodi kwa kampuni za utalii, hata utumie programu gani.

Data nipate wapi? KRA watanipa?

Majalada ya mlipakodi mmoja mmoja ni siri kisheria, usiyaombe. Jumla zilizochapishwa zipo. Kampuni zilizosajiliwa sokoni huweka taarifa zao za mwaka wazi. Sheria za fedha za kaunti ni hati za umma. Kwa hoteli, wavuvi na wapangishaji, itabidi utembee. Chukua kwanza kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, usiandike jina la biashara wala PIN, yaani namba ya mlipakodi, kwenye dodoso, na usiulize “unalipa kodi kiasi gani?” Utadanganywa, na una haki ya kudanganywa. Uliza bei za kununulia, siku za kufungua na kufunga, idadi ya vibarua Mei na idadi yao Desemba, na nani anayeandika ankara ya samaki.